Gari Lililokaa Eda

Mafuta ya nazi yakipakwa kwenye ngozi miaka na miaka, harufu yake haibaki tamu. Inachacha kidogo, inakuwa nzito, na jua la mchana likipiga inapanda yenyewe mpaka puani. Nilikutana nayo mwezi uliopita Namoto, kwenye kibanda cha chai karibu na kivuko, nilipokuwa nasubiri mtumbwi wa kunivusha Ruvuma kwenda upande wa Tanzania. Nilitua mzigo wangu, nikaagiza chai na chapati mbili, nikakaa. Mpakizi mmoja wa mitumbwi, kijana mwenye mdomo, akaishika sufuria yangu kwa sikio moja ili aisogeze, akaiachia.

"Mama, hii sufuria au nanga?"

"Nanga haipiki wali," nikamwambia. "Iache hapo hapo."

"Tutazama na wewe leo!"

Wenzake wakacheka, nami nikacheka, lakini akili yangu ilikuwa kwenye ile harufu. Nikatazama nilipokalia. Halikuwa benchi la mbao kama yalivyo mabenchi ya vibanda vya chai. Kilikuwa kiti kirefu cha ngozi nyekundu iliyokaribia kuwa nyeusi, kimewekwa juu ya magogo mawili ya mnazi. Kiti cha nyuma cha gari. Nimeviona viti vingi vya magari ya kale, na vyote vilikuwa vikavu kama ng'onda. Hiki kilikuwa kinang'aa. Nilimjua mtu mmoja tu aliyekuwa akipaka kiti cha gari mafuta ya nazi, na huyo alikwisha kufa.

Kabla sijaeleza nilichokikuta nilipoingiza mkono chini ya kiti, ngoja nirudi nyuma.

Mimi si mtu wa kukaa. Shule niliiacha darasa la nne, na tangu hapo nimeishi barabarani. Nimewapikia madereva wa malori, nimewapikia wajenga barabara, nimeuza mabeseni na vitambaa vya kapulana kutoka Nampula mpaka Lindi. Na kila mji ninaofika, kabla sijauliza soko liko wapi, nauliza kama palikuwa na Stande.

Wenzangu wa rika langu mnalikumbuka neno hilo. Ndipo Wareno walipokuwa wakiuza magari mapya: ukumbi wenye kioo mbele ili wapita njia watamani, na karakana nyuma. Wengi wa waliofanya kazi humo wamekufa, kwa hiyo imenibidi nijifunze kuyatambua majengo yenyewe. Natafuta nyumba ya kona ambayo pembe yake imeviringwa. Natafuta mlango mpana kuliko anavyohitaji binadamu, na mbele yake mteremko wa saruji badala ya ngazi. Ndani, vigae vyeupe na vyeusi. Nyuma, shimo refu sakafuni alimokuwa akisimama fundi kulitazama gari tumboni. Siku hizi limefukiwa, au limejaa maji na vyura. Nampula nilikuta Stande iliyogeuka kanisa, na mchungaji anahubiri juu ya mbao zilizofunika shimo, kila akiruka zinalia. Pemba, mji wa Msumbiji, si kile kisiwa, moja inauza simu. Lindi, kwenye uwa wa nyumba ya Mhindi mmoja, niliona gari la zamani ambalo kuku wanatagia kwenye kiti cha dereva, na mwenye nyumba hataki mtu aliguse wala hataki kuwahamisha kuku.

Watu wakiniuliza natafuta nini, nilikuwa najibu, "Naangalia tu." Ukweli ni kwamba nilikuwa natafuta gari moja.

Stande yetu ilikuwa Mocímboa da Praia. Nasema yetu kwa sababu tulikaa ndani yake. Babu yangu, Mzee Bakari, alikuwa fundi wa hapo. Mreno mwenye mali alipoondoka, aliondoka na vyote vilivyoweza kutembea, akabakiza gari moja kuukuu alilokuwa akiliweka ukumbini kwa fahari, la tangu enzi za baba yake. Akampa Babu ufunguo, akamwambia amlindie mpaka atakaporudi. Hakurudi. Babu akahamia vyumba vya nyuma na Bibi, na baadaye nami, mama yangu alipoolewa mbali.

Gari lilikuwa jeusi, lina taa mbili kubwa zilizotokeza kama macho ya mtu aliyeshtuka, na tairi la akiba limebebwa ubavuni. Lilikaa juu ya magogo manne ili matairi yasilemee. Kila Ijumaa, baada ya sala, Babu alilifunua shuka, akapaka kiti cha nyuma mafuta ya nazi kwa kitambaa, kisha akaenda mbele, akachomeka manivela, yaani kile chuma kilichopinda cha kuzungushia injini, akazungusha mara kumi. Alizungusha kwa mkono mmoja. Mkono wa pili aliuweka mfukoni. Mimi niliamini hakuna mwanamume mwenye nguvu Mocímboa nzima kumshinda babu yangu.

Bibi hakulipenda gari, au alijifanya halipendi. Alikuwa akiliita mke mwenzangu.

"Umetoka kwa mke mwenzangu?" alimuuliza Babu akiingia na mikono inayong'aa mafuta.

"Nimetoka kwake."

"Basi kale huko huko. Leo si zamu yangu."

"Yule hajui kupika, mama wee. Nipakulie."

"Hajui kupika, hajui kuzaa, anapakwa mafuta kila Ijumaa. Mimi goti hili linaniuma tangu Shaaban, nani amenipaka?"

Kisha Babu alikaa mkekani na kupakuliwa kutoka sufuria ambayo Bibi aliipenda kuliko vyombo vyake vyote, sufuria nzito ya alumini iliyomiminwa, yenye masikio mawili. Babu aliileta nyumbani mwaka wa njaa, nilipokuwa bado nabebwa. Bibi alikuwa akisema ndiyo zawadi pekee aliyowahi kupewa bila kuiomba.

Zawadi aliyoiomba ilikuwa nyingine. Bibi alikuwa mtu wa Palma, na alikuja kuolewa Mocímboa kwa miguu, siku tatu njiani, mzigo kichwani. Babu alimwahidi kwamba siku moja atamrudisha kwao amekaa kiti cha nyuma cha lile gari, ili wadogo zake wamwone anateremka. "Vita vikiisha," alikuwa akisema. "Petroli ikipatikana." Bibi alimjibu kwa kubetua midomo. Lakini alikuwa na kapulana mpya iliyokunjwa sandukuni, na hakuna harusi wala Idi iliyomfanya aitoe.

Babu akafa. Hakuugua sana. Siku ya mazishi watu walijaa mpaka ukumbini, na mtu mmoja, kwa heshima tu, akalifunika gari shuka nyeupe mpya kwa kuwa ile ya zamani ilikuwa na matone ya mafuta. Jioni ile ile nilimwona Bibi amevishwa nguo nyeupe, amekalishwa chumba cha ndani.

Shangazi Zaituni, dada yake Babu, ndiye aliyenieleza. "Bibi yako amekaa eda. Miezi minne na siku kumi. Hatoki nje. Haonekani na wanaume wageni. Hajipambi, hajipaki manukato, hajipaki mafuta mazuri. Siku zikitimia ataogeshwa, atavaa, atatoka."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu alikuwa mke wa marehemu."

Nilikuwa na miaka minane au tisa. Nilitoka nikaenda ukumbini, nikalitazama gari chini ya shuka yake nyeupe, nikaelewa kila kitu. Babu alikuwa na wake wawili. Nilikuwa nimeambiwa hivyo tangu nijue kusikia. Wajane wote wawili walikuwa wamevishwa nyeupe siku moja.

Nilichukua uzi wa nailoni wa kuvulia samaki, nikaanza kuufunga fundo moja kila jioni. Bibi alikuwa na watu wazima wa kumhesabia siku zake. Gari halikuwa na mtu. Uzi nikaufungia kwenye springi, chini ya kiti cha nyuma, mahali ambapo hakuna wa kuuona.

Mafundo hayajafika arobaini akaja shefe, mkuu wa serikali pale mjini. Alikuwa mtu wa kusini aliyeletwa kufanya kazi kwetu, mnene kidogo, mpole, anatoka jasho sana, na Kiswahili hakukijua. Bibi Kireno hakukijua. Mimi nilikuwa nasoma Kireno shuleni, kwa hiyo nikakalishwa mlangoni niwatafsirie, pazia katikati: Bibi upande wa ndani, shefe upande wa ukumbini kwenye kiti alichopewa.

Akampa Bibi pole. Bibi akamshukuru. Akasema jengo ni la serikali na linahitajika liwe ghala la mahindi. Akasema anaheshimu mila zetu, hatamtoa mjane kabla ya siku zake. Zikitimia, tuhame.

Bibi akasogea karibu na pazia. Kisha akasema, "Muulize, na gari?"

Nikauliza. Shefe akainuka, akaenda kwenye gari, akaishika ncha ya shuka akaifunua mpaka karibu na taa.

"Usimfunue!" nikapiga kelele, kwa Kiswahili, kisha kwa Kireno.

Shefe akaiachia shuka kama imemuunguza. Shangazi akacheka mpaka akakohoa.

"Mwambie bibi yako," alisema shefe aliporudi kukaa, akijifuta shingo, "gari likiondoka hapa kwa injini yake, ni gari lenu, nendeni nalo. Lisipowaka ni sukata, chuma chakavu, na sukata iliyomo ndani ya jengo inabaki na jengo. Hivyo ndivyo nitakavyoandika."

Nikaeleza. Bibi akacheka nyuma ya pazia, kicheko cha kwanza tangu msiba.

"Mwambie litawaka. Mume wangu amelizungusha kila Ijumaa ya Mungu. Mwambie nitapita mbele ya ofisi yake nimekaa nyuma, na asipotupungia mkono nitajua hana adabu."

Shefe alipoondoka, Bibi akaniita ndani. Alinishika mikono yote miwili.

"Tima, sikiliza. Ukumbini siwezi kufika, kuna kile kioo, njia nzima inaniona. Kazi ya babu yako kuanzia Ijumaa hii ni yako. Kiti mafuta. Manivela mara kumi. Usikose hata Ijumaa moja. Umesikia?"

"Nimesikia."

Nilisikia, lakini nilichoelewa ni kingine. Kuwapaka mafuta wanaokaa eda ni haramu, Shangazi alisema. Na Bibi mwenyewe alikuwa hajipaki hata kwenye goti linalomuuma. Sasa kwa nini anataka mwenzake apakwe? Niliwaza usiku na mchana, na jibu nililolipata lilinisikitisha: Bibi ana wivu. Anataka mke mwenzake avunje eda, ili siku ya mwisho ionekane ni yeye peke yake aliyemheshimu marehemu. Sikumchukia kwa hilo. Nilisema tu moyoni kwamba sitamsaidia.

Kwa hiyo kila Ijumaa niliingia ukumbini na chupa ya mafuta. Nilijipaka miguuni, nikajipaka nywele. Kisha nikachukua manivela nikaigonga sakafuni mara kumi, taratibu, ili Bibi asikie chuma kinalia.

"Umezungusha?" aliuliza kutoka ndani.

"Nimezungusha, Bibi."

"Nzito?"

"Nyepesi."

"Ahsante, mwanangu. Mungu akukuze."

Nilifanya hivyo Ijumaa zote. Kusema uongo kulinichoma, lakini niliona nailinda heshima ya mtu asiyeweza kujisemea.

Siku ilifika. Nilikuwa nimebakiza fundo moja tu, na nilikusudia kulifunga gari likishatoka mlangoni. Wanawake walimwogesha Bibi, wakamfukiza udi, wakamtolea ile kapulana ya sandukuni. Fundi Hamisi alitoka Awasse na dumu la petroli na betri ya kuazima. Alikuwa kijana bado, mwanafunzi wa Babu, mikono mirefu. Waliyajaza matairi upepo, wakaliteremsha gari kutoka kwenye magogo, wakafungua ule mlango mpana. Majirani walisimama pande mbili za mteremko. Shefe naye alikuwepo, kofia mkononi.

Bibi akaingia akakaa kiti cha nyuma. Mimi nikakaa kando yake. Mapajani aliipakata sufuria yake, imejaa wali wa nazi wa kula njiani, imefungwa kitambaa. Alinukia hata nikaona aibu kumtazama. Shangazi alianza kupiga vigelegele, Bibi akamwambia, "Ngoja kwanza, wee."

Fundi Hamisi alichomeka manivela, akatanua miguu, akavuta kwa nguvu zake zote, na nusura aanguke. Manivela ilizunguka kama haijashika kitu. Akasimama akaitazama. Akaizungusha tena, safari hii kwa mkono mmoja, pole pole. Kisha akafungua boneti akainama humo muda mrefu sana. Sisi ndani hatukuona ila bati jeusi limesimama mbele ya kioo.

Alipofunga boneti, hakumtazama Bibi. Alimtazama shefe.

"Injini haina pumzi," alisema. "Gari halikuzungushwa. Ringi zimekufa."

Bibi akanigeukia. Alinitazama kwa muda wa mtu kumeza tonge moja, na katika muda huo nilijua kwamba gari lile halikuwa na eda yoyote, na kwamba mimi ndiye niliyeliua.

Kisha akafungua mlango akateremka na sufuria yake.

"Haya," akasema. "Aliahidi nitakaa. Nimekaa."

Tulikwenda Palma juu ya lori la chumvi. Gari likabaki. Baadaye tulisikia lilivutwa usiku na watu wa vyuma chakavu, wengine wakasema limepelekwa Pemba, wengine wakasema limevushwa. Bibi aliishi miaka mingi baada ya hapo, na hakuwahi kunigusia habari ile hata alipokuwa na hasira. Ingekuwa afadhali angenichapa. Sikuacha shule kwa sababu ya gari, nisidanganye. Niliacha kwa sababu nilichoka kukaa. Lakini nyumba ya Bibi niliikimbia kwa sababu ya mtazamo ule. Alipofariki, wenzangu waligawana vitanda na mikeka. Mimi aliniachia sufuria. Nimezunguka nayo tangu siku hiyo.

Stande yenyewe sasa ni kuta. Vita vya juzi vilipotulia tukaruhusiwa kurudi Mocímboa, nilikwenda kuitazama. Vigae vipo. Kuna mama anaanikia mihogo juu yake, akaniambia vinakausha upesi kuliko mkeka.

Sasa turudi Namoto.

Niliweka kikombe chini, nikainama, nikaingiza mkono chini ya kiti. Springi zilikuwa na kutu. Ya tatu kutoka kulia ilikuwa na kitu kinachokwaruza. Nikakipapasa: fundo, fundo, fundo. Nilikaa hivyo, mkono chini ya kiti, mpaka muuza chai, mwanamke mchanga anayeitwa Sauda, akaniuliza kama nimeangusha hela.

"Kiti hiki mlikipata wapi, mwanangu?"

"Cha baba. Alikinunua kwa watu wa vyuma chakavu, kipo tangu sijazaliwa. Yule anakuja, muulize mwenyewe. Kila siku anakuja kukagua kama nimekipaka mafuta. Wajukuu zake mwenyewe haendi kuwaangalia hivyo."

Mzee aliyekuwa anapanda kutoka kivukoni alikuwa amebeba kifuniko cha mashine ya mtumbwi, mikono mirefu imejaa grisi mpaka viwikoni. Nilimjua kwa mikono.

"Shikamoo, Fundi Hamisi."

"Marahaba. Nani mwenzangu?"

"Tima. Mjukuu wa Mzee Bakari wa Stande."

Akaweka kifuniko chini. "Yule mkalimani? Uliyemkemea shefe asimfunue mke wa watu?" Akacheka mpaka akashika kiuno. "Sauda! Njoo umwone mtu!"

Sikuweza kucheka naye. Nilikuwa nimelibeba jambo lile muda mrefu, na nilijua nikisubiri amalize salamu za ukoo mzima sitalisema. Nikamwambia pale pale. Kwamba sikuzungusha. Hata Ijumaa moja. Kwamba niligonga chuma sakafuni. Nikamweleza na sababu, mambo ya eda na wake wenza, na nilivyokuwa nikieleza niliona uso wake unabadilika.

"Tima," akasema. "Ungezungusha ungezungusha hewa."

"Vipi?"

"Pistoni hazikuwamo."

Akakaa kando yangu.

"Mle ndani hamkuwa na kitu. Nilipoivuta manivela tu mkono wangu ulijua. Nikafungua boneti nikajifanya natazama, kumbe nalia. Mwalimu wangu alizitoa zote sita, akafunga kila nati mahali pake kama anavyofunga injini nzima. Babu yako hakuwa mtu wa kuharibu."

"Alizipeleka wapi?"

Aliitazama sufuria yangu pale chini, karibu na mzigo. Akainama, akaigonga kitakoni kwa kifundo cha kidole, akasikiliza.

"Mwaka wa njaa bibi yako alikuwa anapikia kwenye kopo la rangi," alisema. "Awasse palikuwa na mtu anayeyusha alumini. Mimi ndiye niliyemsindikiza Mzee Bakari, nilikuwa sijui amebeba nini kwenye kikapu. Nilijua siku ile ya manivela. Moja ilikuwa ujira wa mwenye kazi. Tano zikamiminwa, ndiyo hii sufuria."

"Na kila Ijumaa alikuwa akizungusha nini?"

"Alikuwa anailainisha isishike kutu. Kila aliyekwenda Beira, alimwagiza pistoni. Kila mwaka. Alikuwa na nia, mwanangu. Hakuzipata tu." Alijifuta mikono kwenye suruali. "Sasa ningesemaje mbele ya mjane aliyevaa, aliyenukia, watu wamejaa? Marehemu alikuahidi gari tupu? Nikatafuta la kusema. Nikasema halikuzungushwa. Nilidhani nimeiweka lawama mahali pasipo na mtu."

Sauda alikuwa amesimama na birika mkononi, chai inapoa.

"Siku ile pistoni zilikuwamo garini," akasema Fundi Hamisi, akaanza kucheka tena, kidogo kidogo, bila kutaka. "Tano kati ya sita. Bibi yako amezipakata mapajani, zimejaa wali."

Wapakizi waliniita, mtumbwi ulikuwa unaondoka. Nikawaambia waende. Nikapiga magoti mchangani, nikautafuta ule uzi chini ya kiti mpaka nikapata mwisho wake. Ulikuwa umekakamaa, ukanikata kidole, lakini ulikuwa umebaki mrefu kiasi cha kutosha. Nikafunga fundo la mwisho.

"Unafanya nini huko?" aliuliza Sauda.

"Namtoa mtu eda. Niletee mafuta ya nazi. Na mchele, kama unao."

Nikakipaka kiti chote, mgongo na makalio, mpaka kitambaa kikaacha kunywa. Kisha nikainjika sufuria motoni, tukasubiri wali.